Virusi Vilipita Barabarani, Lawama Ikaangukia Ulanzi

Kila matokeo ya utafiti wa VVU yanapotangazwa Tanzania, macho ya watu hukimbilia jedwali la mikoa. Desemba 2023 jedwali hilo lilionyesha kwamba kitaifa watu 4.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na Kigoma 1.7 tu. Utafiti wa 2016-17 ulikuwa na vinara walewale: Njombe 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Namba hizo sina ugomvi nazo, maana zimetokana na damu za watu waliofuatwa nyumba kwa nyumba. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayofuata hata kabla tarakimu hazijazoeleka masikioni: mila na desturi potofu. Watu wa huko wanarithi wajane, wanaoa wake wengi, wanakunywa ulanzi, na baridi ya huko haimwachi mtu alale peke yake. Maelezo haya yanasemwa kwenye mabasi na vijiweni, yanarudiwa redioni, na yamekuwa lugha ya majukwaa ya Siku ya UKIMWI Duniani. Nadai kwamba ni maelezo ya uongo, na kwamba kwa miaka arobaini yamekuwa yakituelekeza mahali pasipo na ugonjwa. Kinachoonekana kwenye ramani ya VVU ni njia ambazo watu wamepita kutafuta riziki, na muda ambao virusi vimekuwa safarini.

Tuanze na ulanzi wenyewe. Ni utomvu wa mwanzi. Mkulima hukata ncha ya chipukizi changa, huning'iniza kikombe cha mwanzi hapo, na matone hujaa taratibu msimu wa mvua. Kinachoshushwa asubuhi kikiwa kitamu, jioni huwa kimekwisha kuchachuka na kulevya. Kinywaji hicho kilikuwepo Uhehe na Ubena kabla Mjerumani hajafika, na kurithi wajane vilevile. Virusi havikuwepo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, watatu, walikuwa Kagera mwaka 1983, mamia ya kilomita kutoka kwenye mianzi ya Njombe. Jambo ambalo limekuwepo bila kubadilika kwa vizazi haliwezi peke yake kueleza kitu kilichozuka miaka ya 1980, kikapanda, kikashuka, kikahama kutoka pembe moja ya nchi kwenda nyingine. Na kama kurithi wajane na wake wengi ndivyo vinavyopandisha asilimia, basi Manyara, yenye jamii za wafugaji ambako ndoa za wake wengi ni jambo la kawaida, ingekuwa juu kabisa. Utafiti wa 2003-04 uliikuta na asilimia 2.0, na ule wa 2011-12 ukaikuta na 1.5. Lindi nayo kwa miaka mingi imesutwa kwa unyago, kwa wasichana kuolewa mapema na kwa ndoa kuvunjika ovyo. Utafiti wa 2016-17 uliikuta chini ya asilimia 1. Yaani mila zilezile zinazotumika kueleza Njombe zipo kwingine kusiko na janga, na tunaziona pale tu tunapokuwa tumekwisha kusoma asilimia.

Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba wimbo huu uliwahi kuimbwa kwa jina jingine. Miaka ya 1980, wakati ugonjwa Kagera ukiitwa Juliana, waliosutwa walikuwa Wahaya. Ilisemwa kwamba wanawake wao ndivyo walivyo, na kwamba tabia hiyo iko kwenye damu ya kabila. Sasa tazama kilichopimwa. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima mkoa mzima. Bukoba mjini walikuta asilimia 24.2. Katika maeneo matatu ya vijijini walikuta 10.0, kisha 4.5, na kwingine 0.4. Mhaya wa mjini Bukoba na Mhaya wa vijiji vya jirani wanazungumza lugha moja, wanaoa kwa utaratibu mmoja, wanazika wafu wao katika migomba ileile. Bado tofauti kati yao ilizidi mara mbili. Kilichowatenganisha ni mji wenye bandari ya ziwa, biashara ya mpakani iliyochangamka baada ya vita ya 1978-79, na wafanyabiashara waliokuwa wakivuka kwenda na kurudi Uganda. Kisha kiwango cha Bukoba mjini kikashuka, 18.3 mwaka 1993, 13.3 mwaka 1996, na ilipofika 2003-04 Kagera nzima ilikuwa na asilimia 3.7, karibu nusu ya wastani wa taifa uliokuwa 7.0. Sehemu ya kushuka huko ni ya kusikitisha, kwa kuwa walioambukizwa mapema walikufa. Sehemu nyingine ni kwamba watu waliozika ndugu kila wiki walibadili namna ya kuishi. Lakini kabila halikubadilika. Wahaya wa 1996 walikuwa Wahaya wa 1987, na waliowahukumu hawakurudi kuwaomba radhi. Walihamisha tu hukumu kwenda Nyanda za Juu Kusini, kwa watu wa Njombe, Iringa na Mbeya.

Huko kusini virusi vilifika kwa mlango mwingine, na ushahidi wake umo ndani ya virusi vyenyewe. VVU vina aina ndogo ndogo ambazo maabara inaweza kuzitofautisha. Kagera zilitawala aina A na D, ambazo ndizo za Uganda. Mbeya aina inayoongoza ni C, ile iliyoenea Zambia, Malawi na kusini mwa Afrika, na pamoja nayo zipo A na D, na mchanganyiko mwingi wa hizo tatu. Maana yake ni kwamba Tanzania haikupata janga moja lililokolea zaidi kwa watu wenye mila mbaya. Ilipata majanga mawili yaliyoingia kwa njia mbili, na Mbeya ndipo njia hizo zilipokutana. Mila haiwezi kuchagua aina ya virusi. Barabara inaweza, na barabara hiyo tunaijua: inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, inafika Tunduma na kuendelea hadi migodi ya shaba ya Zambia. Pembeni yake, kwa sehemu ya safari, kuna reli ya TAZARA, iliyomalizika katikati ya miaka ya 1970, miaka michache tu kabla virusi havijaanza kusambaa. Pale Makambako barabara ya Njombe na Songea inachepuka, na reli inapita hapohapo. Ukitaka kujua kwa nini mikoa mitatu ya juu kwenye jedwali imepangana kama shanga kwenye uzi, utazame uzi.

Ila barabara peke yake haitoshi, kwa kuwa Morogoro nayo iko juu yake na haijawahi kuwa Njombe. Hapa ndipo historia ya kazi inapoingia, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa shamba la mkoloni kama Tanga. Zilikuwa ghala lake la watu. Wanaume wa Ubena, Ukinga na Uhehe walisombwa kwa malori kwenda mashamba ya mkonge, kila mmoja akipewa namba badala ya jina, na neno manamba likabaki katika Kiswahili kama kovu. Wanyakyusa walikwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi dhahabu ya Afrika Kusini. Mkoloni alihitaji mikono bila kulisha familia, kwa hiyo aliita wanaume na kuwaacha wake zao vijijini. Baada ya uhuru mkonge ulianguka lakini mtindo wa maisha haukuisha, kwa kuwa ardhi ya milimani ni finyu na hela haipatikani hapo. Wakinga wa Makete wakawa wafanyabiashara wa nchi nzima. Mabinti wa Makete wakawa wafanyakazi wa ndani mijini. Vijana wakaenda kuvuna mpunga Mbarali na Kilombero, kuchuma chai Mufindi na Luponde, kupasua mbao Sao Hill. Hii ndiyo mila iliyoumiza Njombe, na haikubuniwa na wazee wa Kibena. Mtu anayeondoka Machi na kurudi Agosti, akalala kambini na wengine kama yeye, akalipwa kwa mkupuo, na mwenzake nyumbani naye akabaki bila hela ya sabuni, ameunganisha vitanda vya mikoa miwili bila kuwa mzinzi kuliko karani wa Lindi.

Nimesema bila kuwa mzinzi zaidi, na sisemi kwa kuwaonea watu huruma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walilinganisha miji minne ya Afrika: Kisumu na Ndola, ambako VVU vilikuwa vimetapakaa, na Cotonou na Yaoundé, ambako vilikuwa vichache. Ungetarajia kukuta wenye maambukizi mengi wana wapenzi wengi zaidi. Haikuwa hivyo. Yaoundé, mji wa maambukizi machache, ndiko walikokuta watu wakibadili wapenzi zaidi. Kilichoitofautisha miji hiyo kwa uwazi zaidi kilikuwa tohara ya wanaume na ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri, ambao hufungua mlango kwa virusi. Na iko hesabu nyepesi ambayo wahubiri wa tabia hawaifanyi. Mtu mwenye mwenza mmoja tu katika mji ambao mtu mmoja kati ya kumi ana virusi, yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye wenza watatu katika mji ambao ni mmoja kati ya mia. Janga likishakita mahali, linajilisha lenyewe. Msichana wa Wanging'ombe anayeolewa na bwana mmoja kanisani, akatulia naye, anaweza kuambukizwa. Mwenzake wa Kigoma aliyefanya mengi zaidi akabaki salama. Ukimwambia wa kwanza kwamba tatizo ni mila za kwao, umempa tusi lisilo hata na hesabu sahihi.

Hoja nzito dhidi yangu ni tohara, na siikwepi. Makabila makubwa ya Nyanda za Juu Kusini hayakuwa yakitahiri wanaume, na kutotahiri ni mila. Majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Basi mila inahusika? Inahusika, lakini si ile iliyosutwa. Walioisema Njombe walizungumzia ulevi, wajane na tamaa. Hakuna aliyesimama jukwaani mwaka 1995 akasema tatizo ni ngozi. Hili ni jambo la tishu na seli, halina uadilifu wala uasherati ndani yake. Na tazama lilivyoshughulikiwa: huduma ya tohara ya hiari ilipoanza Iringa mwishoni mwa muongo wa 2000, wanaume na wavulana walijipanga foleni, na ndani ya miaka michache mamia ya maelfu walikuwa wametahiriwa. Watu walioambiwa kwamba wameng'ang'ania mila waliiacha mara walipopewa sababu ya kweli, daktari na huduma ya bure. Halafu Dar es Salaam, mji ambao karibu kila mwanamume ametahiriwa, ilikuwa na asilimia 10.9 mwaka 2003-04, nafasi ya tatu nyuma ya Mbeya na Iringa. Ngao ilikuwepo, lakini bandari, maegesho ya malori na wageni wa kila mkoa viliizidi nguvu.

Wapo watakaoniletea Zanzibar, wakisema dini imeilinda, kwa kuwa kiwango cha watu wazima huko kimekaa chini ya asilimia 1 au hapohapo. Mafundisho ya dini siyadharau, na sina shaka kwamba yamewazuia wengi. Lakini Dar es Salaam ya 2003-04 ilijaa Waislamu pia. Na ndani ya Zanzibar hiyohiyo, utafiti wa 2007 uliwakuta wanaojidunga dawa za kulevya na maambukizi ya takribani asilimia 16. Mahali virusi vilipopata njia, ambayo huko ilikuwa sindano inayopita mkono kwa mkono, havikuuliza mtu ni wa madhehebu gani. Kenya nayo inatumia maelezo haya: utafiti wa 2018 uliikuta Homa Bay na asilimia 19.6 na Kisumu 17.5, huku kaunti za kaskazini-mashariki zikiwa chini ya 1, na kidole kikaelekezwa kwa Wajaluo na desturi ya kurithi wajane. Ni wachache wanaotaja kwamba pwani ya ziwa baadhi ya wanawake wachuuzi hawapati samaki mpaka wamridhishe mwenye mtumbwi, wala kwamba Wajaluo nao hawakuwa wakitahiri.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno maambukizi, na tunalitumia kwa vitu viwili: idadi ya wanaoishi na virusi, na idadi ya wanaovipata sasa. Gazeti likiandika kwamba kiwango cha maambukizi Njombe kimepanda kutoka 11.4 hadi 12.7, msomaji anaona watu wakiambukizana zaidi mwaka huu kuliko mwaka juzi. Fikiria pipa lenye bomba juu na tundu chini. Maji yaliyomo ni wanaoishi na virusi, bomba ni maambukizi mapya, tundu ni vifo. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure mwaka 2004, tundu lilikuwa kubwa. Makete ilibaki na nyumba za bibi na wajukuu. Sasa tundu limezibwa kwa sehemu kubwa. Utafiti wa 2022-23, ule uliotangazwa Desemba 2023, ulionyesha kwamba watu wazima 83 kati ya 100 wenye virusi wanajua hali zao, 98 kati ya 100 ya hao wanatumia dawa, na 94 kati ya 100 ya wanaotumia wamefubaza virusi kiasi kwamba uwezekano wa kuwaambukiza wenza wao ni mdogo sana. Pipa linaweza kupanda huku bomba likidondosha matone tu. Nyongeza ya nukta moja na kitu, kwenye sampuli ya mkoa mmoja, inaweza hata kuwa bahati nasibu ya upimaji. Lakini ikiwa ni nyongeza ya kweli, basi sehemu yake ni kina mama waliopaswa kuwa makaburini ambao leo wako mashambani wanapanda parachichi, na ni aibu kuwasoma kama uthibitisho wa uasherati.

Hata huo mkoa ni mstari uliochorwa juzi. Mpaka 2012 Njombe ilikuwa sehemu ya Iringa. Utafiti wa 2011-12 ulipozitenganisha, Njombe ilipata 14.8 na Iringa 9.1, na ghafla kukawa na watu wa Njombe wenye mila zao mbaya, wakati miaka michache nyuma mila mbaya zilikuwa za Iringa. Ndani ya Njombe kuna Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wawanji na Wamanda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na anayezungumzia mila ya Njombe atuambie ni ya nani. Tena asilimia huficha idadi. Kwa sensa ya 2022 Dar es Salaam ina watu wapatao milioni 5.4 na Njombe hawafiki laki tisa. Kwa viwango vya 2016-17, ambapo Dar ilikuwa na asilimia 4.7, wanaoishi na VVU Dar walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa Njombe, lakini sijasikia mtu akiuliza Wadar wana mila gani.

Nitaambiwa kwamba ninawaondolea watu wajibu, kwamba nikilaumu barabara na mashamba ya chai, kijana ataona hana haja ya kondomu. Wajibu wa mtu mmoja mmoja upo, na kila anayejikinga anaokoa uhai. Lakini wajibu huo uko sawasawa Kigoma, Lindi na Njombe, na kitu kilicho sawa kila mahali hakielezi tofauti. Anayetaka kueleza tofauti ya mara saba kati ya mikoa miwili ya nchi moja lazima aonyeshe kilichotofautiana. Maelezo ya mila hayajaweza, na gharama yake ni kubwa. Mjane wa Makete ambaye mumewe alirudi kutoka kazini akiwa mgonjwa ndiye anayeitwa mbele ya kikao kuulizwa kuhusu kurithiwa. Mwajiri aliyewalaza wanaume arobaini kwenye banda moja miezi sita haitwi popote. Wanawake, ambao kitaifa wana asilimia 5.6 dhidi ya 3.0 ya wanaume, wanabeba virusi na lawama pia. Na mwanamume anayesikia kila Desemba kwamba ugonjwa huu ni wa watu wachafu, anaahirisha kupima.

Misaada ya Marekani iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya huduma hizi ilitikisika mapema 2025, na kila shilingi sasa inahitaji kujua inakwenda wapi. Semina ya kuhimiza kuacha mila potofu ni rahisi kuandaa: ukumbi, chai, mgeni rasmi. Ila lori huingia Makambako usiku, na dereva anayepanga foleni ya siku kadhaa Tunduma hawezi kuliacha akatafute zahanati inayohudumia mchana. Kibarua aliyeanzishiwa dawa Makete anachukua vidonge vya miezi kadhaa, anakwenda Kilombero kuvuna, mavuno yanachelewa, vidonge vinakwisha, na kliniki ya tiba na matunzo (CTC) aliyo karibu nayo inaweza kumwomba barua kutoka kule alikotoka. Anaweza kurudi nyumbani na kupoteza ujira, au kubaki na kuacha dawa. Miongoni mwa wale 17 kati ya 100 ambao bado hawajui hali zao wamo wanaume na vijana walioko kambini, kwenye magari na kwenye mashine za mbao. Wapimwe huko, kambini na siku ya malipo, na dawa zao ziwafuate kwa kadi inayokubaliwa kliniki yoyote ya nchi bila barua.